Simu Ndogo au Kubwa: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Inayokaa Mkononi na Kuizoea Uliyonayo

Mama yangu alituma shilingi elfu hamsini mahali pa elfu tano. Alikuwa barazani kwake Muheza, jua la saa nane limepiga kioo, na simu aliyoishika ilikuwa ile ya inchi 4.7 niliyompa mwenyewe nilipobadilisha yangu. Kwa macho ya miaka sitini na moja, kwenye herufi ndogo kiasi kile, sufuri tatu na sufuri nne hazitofautiani. Muuza maziwa aliyetumiwa alizirudisha jioni ile ile, Mungu ambariki, lakini mimi niliumia, kwa sababu niliichagua simu ile nikijua ni nyepesi na inafungika kwenye pindo la khanga. Macho ya mama sikuyafikiria kabisa.

Miezi hiyo hiyo dada yangu, muuguzi wa zamu hapa Dar es Salaam, alikuwa analalamika kidole gumba. Simu yake ilikuwa ya inchi 6.7 ndani ya kava nene la mpira, na muda mwingi aliitumia amesimama kwenye daladala, mkono mmoja umeshika bomba. Ilimdondoka mara tatu. Mara ya tatu kioo kikapasuka.

Tukabadilishana. Ya dada ikawekwa kioo kipya ikaenda Muheza, ya mama ikaja Dar. Tangu hapo, mtu akiniuliza anunue simu gani, namuuliza kwanza huwa anaishika akiwa wapi, na mkono wa pili unafanya nini. Mwongozo huu umetokana na maswali hayo. Nusu yake ni ya anayetaka kununua, nusu ni ya yule ambaye simu anayo tayari na hana mpango wa kutoa hela nyingine mwaka huu.

Hatua ya kwanza: jiangalie kwa siku tatu

Kabla hujauliza bei, chukua daftari, na kwa siku tatu andika kila unapoishika simu kwa zaidi ya dakika moja. Mambo matatu yanatosha: uko wapi, unatumia mkono mmoja au miwili, na unafanya nini. Siku moja iwe ya kazi, nyingine ya mapumziko, na ya tatu ya safari kama unayo.

Dada alijijua kuwa ni mtu wa tamthilia, ndiyo maana alinunua kioo kikubwa. Daftari lake likatoa habari nyingine. Asubuhi anasoma vikundi vya WhatsApp kwenye daladala kwa mkono mmoja. Mchana anapokea simu koridoni huku ameshika trei. Jioni anatuma hela amesimama gengeni, mfuko wa nyanya umening'inia kwenye kiwiko. Tamthilia ilikuwa nusu saa usiku kitandani, tena siku moja kati ya tatu. Mama kwa upande wake, karibu kila mstari aliokuwa akinisomea ulikuwa na neno "nimekaa". Simu anaishika kwa mkono wa kushoto na kubonyeza kwa kidole cha shahada cha kulia, kama anavyobonyeza swichi ya taa.

Hesabu mistari yako. Kama zaidi ya nusu ni mkono mmoja ukiwa umesimama au unatembea, upana na uzito ndivyo vitakavyokuchosha, na hakuna uzuri wa kamera utakaokusahaulisha uchovu huo. Kama zaidi ya nusu umekaa, kioo kikubwa kitakufaa. Waliogawanyika katikati ndio wenye kazi ya kupima kwa makini zaidi.

Tazama pia kazi zenyewe. Mwanafunzi anayesoma notisi za PDF, muuza vitenge anayepiga picha na kuzihariri, na mwalimu anayejaza majedwali ya alama wote watateseka na kioo kidogo hata kama mkono unakipenda. Dereva wa bodaboda anayefuata ramani hashiki simu, ameifunga kwenye usukani, kwa hiyo kubwa inamfaa. Aangalie tu jambo moja: mwaka 2021 Apple walitoa tahadhari kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera ya simu iliyofungwa usukanini, wakashauri isifungwe kwenye pikipiki za aina hiyo, na kwa pikipiki ndogo itumike na kishikio cha kupunguza mtikisiko.

Hatua ya pili: pima upana, usibabaishwe na inchi

Inchi zinazotangazwa zinapimwa kwa mshazari, kutoka kona ya juu upande mmoja hadi kona ya chini upande wa pili. Hazikuambii simu itakaaje kiganjani, kwa sababu umbo la vioo limebadilika. Hadi karibu mwaka 2017 vioo vingi vilikuwa na uwiano wa urefu kwa upana wa 16 kwa 9. Leo vingi ni 20 kwa 9 au karibu na hapo, yaani virefu na vyembamba. Kioo cha inchi 5.5 cha umbo la zamani kina upana wa karibu sentimita 6.8 na urefu wa 12.2. Kioo cha inchi 6.5 cha umbo la sasa kina upana ule ule wa karibu sentimita 6.8, ila urefu umefika 15. Inchi nzima imeongezeka na kiganja hakikusikia kitu. Aliyebebeshwa mzigo ni kidole gumba, ambacho sasa kinatakiwa kupanda karibu sentimita tatu zaidi kufikia juu.

Kwa hiyo pima vitu viwili, upana wa simu yenyewe na urefu wake. Rula unayo tayari mfukoni: kadi ya benki ina urefu wa sentimita 8.56 na upana wa 5.4, popote ilipotolewa duniani. Ilaze kadi kwa urefu wake juu ya mgongo wa simu, ukivuka upana wa simu. Ikizidi kwa milimita saba au nane tu, hiyo simu ina karibu sentimita 7.8, ni pana. Ikizidi kwa sentimita moja na nusu, umeshika simu ya karibu sentimita 7.1, ambayo mikono mingi inaimudu.

Mipaka yangu, niliyoipata kwa kuwapimia ndugu na jamaa, ni hii. Chini ya sentimita 7 ni simu ya mkono mmoja kwa karibu kila mtu. Kati ya 7 na 7.3 unaimudu kwa kuisogeza kidogo kiganjani. Ikipita 7.6, kubali mapema kwamba ni simu ya mikono miwili. Kwa mfano, Samsung Galaxy S23 ina upana wa sentimita 7.1 hivi, na Galaxy S24 Ultra ina 7.9. Hiyo tofauti ya milimita nane ukiisoma kwenye karatasi unaiona ndogo. Ukiishika ni kama tofauti ya mpini wa jembe na mpini wa kisu.

Kisha fanya jaribio la kidole. Shika simu kama kawaida yako, kidole cha mwisho kikiwa kinaikinga chini au pembeni, kisha peleka kidole gumba kwenye kona ya juu ya upande wa pili bila kusogeza kiganja. Huenda usifike, na karibu hakuna anayefika siku hizi. Unachotafuta ni kujua unaishia wapi. Ukifika theluthi mbili ya kioo, marekebisho nitakayoeleza mbele yatakutosha. Ukiishia katikati, simu hiyo itakuwa inakuponyoka kila unapojinyoosha kufikia juu, na huko ndiko vioo vinakopasukia.

Hatua ya tatu: tembea na simu ya boksi

Jaribio hili halina gharama na limewaokoa watu wawili ninaowafahamu. Tafuta vipimo vya simu unayoitamani, kata vipande vya boksi kwa urefu na upana huo, vibandike hadi vifikie unene wa karibu sentimita moja, na katikati weka sarafu au kipande cha bati mpaka uzito ulingane. Funga kwa gundi ya karatasi. Uzito nenda ukapimishe dukani kwa Mangi, kwenye mzani wake wa sukari. Hatakukatalia.

Zunguka na kitu hicho kwa siku mbili. Kiweke kwenye mfuko wa suruali na ukae kwenye kiti cha daladala. Kiweke kwenye mfuko wa shati, uiname kuchota maji. Lala nacho chali ukikishika juu ya uso kwa dakika kumi, kama unavyofanya na simu usiku. Hapo mkono utasema wenyewe.

Ukiwa kwa Mangi, pimisha pia simu unayotumia sasa pamoja na kava lake. Watu wengi hushtuka hapo. iPhone 12 mini ina gramu 135 hivi, Galaxy S23 gramu 168, Galaxy S24 Ultra imevuka 230. Lakini hizo ni gramu za simu tupu. Kava nene la mpira, pete ya nyuma na protekta ya kioo vinaweza kukuongezea gramu arobaini au zaidi, pamoja na milimita tatu nne za upana. Simu ya dada ilipimwa ikiwa kamili ikasoma gramu 251. Robo kilo ya sukari, siku nzima, imeegemea kwenye kidole kimoja kidogo.

Hatua ya nne: macho

Kuanzia miaka ya arobaini hivi, lenzi ya jicho hupoteza wepesi wa kuona karibu. Utamwona mtu anaisogeza simu mbali akinyoosha mkono, mpaka mkono unaisha. Hilo halitibiwi na simu kubwa. Linatibiwa na miwani ya kusomea, na kama mzazi wako amefika hapo mpeleke kupima macho kabla ya kumnunulia chochote. Lakini kioo kikubwa kinasaidia kwa njia nyingine: kinaruhusu herufi zikuzwe bila ujumbe kukatika vipande.

Jaribu hivi. Fungua ujumbe wa kutuma pesa, ule wenye kiasi, jina, tarehe na salio. Kuza herufi hadi msomaji asome bila kukunja uso, simu ikiwa umbali wa kawaida wa kiganja na kifua. Sasa angalia kama ujumbe wote bado unaonekana kwenye kioo kimoja bila kusukuma. Kwenye simu ya zamani ya mama haukuonekana. Kiasi kilikuwa juu na jina la aliyetumiwa lilikuwa chini, na yeye alizoea kusoma jina tu. Kwenye ya inchi 6.7 anaona vyote kwa pamoja.

Fanya jaribio hilo nje, juani. Simu nyingi za bei nafuu zina vioo vya LCD, yaani vinavyomulikwa na taa ya nyuma, visivyong'aa vya kutosha mchana wa jua kali, na ukubwa wa herufi haukomboi kioo kilichofifia.

Hatua ya tano: chaji

Simu kubwa ina nafasi ya betri kubwa, na hiyo ndiyo sababu ya kweli inayowafanya watu wengi wa kwetu wazipende. Siku hizi hata simu za bei ya chini zenye kioo cha inchi 6.5 na kuendelea zinakuja na betri ya 5,000 mAh, kipimo cha chaji ambayo betri inabeba. iPhone 13 mini, mpaka leo simu ndogo inayosifiwa sana, ina karibu 2,400. Kioo kidogo kinakula umeme mchache, kwa hiyo pengo la matumizi si kubwa kama pengo la namba, lakini lipo. Ukitumia ndogo kwa kazi za kutwa nzima, jipange na pawabenki au chaja ya pili ofisini. Anayeishi mahali umeme unapokatika mara kwa mara, au anayechajisha kwa sola, asijidanganye kwa uzuri wa simu ndogo. Achukue yenye betri.

Hatua ya sita: dukani

Lazima niseme ukweli kuhusu soko: simu ndogo mpya karibu zimekwisha. iPhone ya kwanza mwaka 2007 ilikuwa na kioo cha inchi 3.5. Samsung walipoleta Galaxy Note ya inchi 5.3 mwaka 2011 watu waliicheka kwa ukubwa wake. Miaka mitatu baadaye Apple wenyewe walitoa iPhone 6 Plus ya inchi 5.5. Walijaribu kurudi nyuma kwa 12 mini ya mwaka 2020 na 13 mini ya 2021, zote inchi 5.4, kisha mwaka 2022 nafasi ile ikachukuliwa na 14 Plus ya inchi 6.7. Asus nao waliwafurahisha wapenda simu ndogo kwa Zenfone 9 na Zenfone 10, lakini iliyofuata mwaka 2024 ilikuwa ya inchi 6.78. Kwa hiyo ukiingia Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, ukaomba simu ndogo nzuri, jua utaonyeshwa zilizotumika.

Iliyotumika ikague hivi. Betri kwanza: kwenye iPhone kuna ukurasa unaoonyesha afya ya betri kwa asilimia, na chini ya 80 Apple wenyewe huihesabu kuwa imechoka. Simu ndogo yenye betri iliyochoka haifiki saa nane mchana, hivyo bei ya betri mpya itoe kwenye bei ya simu mnapopatana. Pili bonyeza *#06#, namba ya IMEI, yaani utambulisho wa simu, itakayotokea ilingane na ya kwenye boksi au risiti. Kwa Tanzania unaweza kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, ujue kama simu ni halali. Tatu, hakikisha bado inapokea masasisho ya mfumo, kwani programu za benki huanza kugoma kwenye mifumo iliyopitwa na wakati. Gusa kioo chote kwa kuburuta kidole polepole kutoka juu hadi chini, mstari kwa mstari, ukitafuta sehemu isiyosikia.

Iwe mpya au iliyotumika, iombe ikiwa hai. Ile ya maonyesho ya plastiki haina uzito. Simama, shika mkoba wako kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili andika sentensi nzima: "Nimefika Mbagala, nisubirini kidogo." Ukikosea zaidi ya mara mbili, au ukiona unaisukuma simu juu kwa kidole cha mwisho ili ufikie herufi, rudisha. Muuzaji akikuharakisha, mwambie kwa upole bado unaiangalia. Ni hela yako na ni mkono wako kwa miaka mitatu ijayo.

Za kukunja zipo, na wazo lake ni zuri kwa watu wenye mifuko midogo. Mimi siwashauri wanaoishi kwenye vumbi na wasio na fundi wa uhakika karibu, maana kioo chake kikifa gharama yake inakaribia simu nyingine.

Kama uliyonayo ni kubwa

Anza na kulishusha juu lije chini. Simu nyingi za Android kuanzia toleo la 12 zina hali ya kutumia kwa mkono mmoja. Fungua Mipangilio, na kwenye kisanduku cha kutafutia andika "mkono mmoja", au "one-handed" kama simu yako iko kwa Kiingereza. Ukishaiwasha, utelezeshe kidole kuelekea chini kwenye ukingo wa chini kabisa wa kioo, na nusu ya juu itashuka mpaka kidole kinapofika. Samsung wao wanakipunguza kioo chote kikawa kidogo pembeni. Kwenye iPhone inaitwa Reachability, iko ndani ya Accessibility, sehemu ya Touch.

Kibodi nayo isogeze. Kwenye Gboard bonyeza alama ya mkato bila kuachia, itatokea picha ya kiganja. Ichague na herufi zitasogea upande wa kidole chako. Kwenye iPhone bonyeza kitufe cha lugha au cha emoji bila kuachia, uchague upande. Hili ndilo lililompunguzia dada maumivu hata kabla hatujabadilishana simu, akanilaumu kwa nini sikumwambia mapema.

Panga ukurasa wa kwanza kwa kidole chako. Programu unazogusa kila saa ziwe safu mbili za chini, za hali ya hewa na kalenda zipande juu. Vivinjari vya Safari na Firefox vinakuruhusu kuweka sehemu ya kuandika anwani chini ya kioo, fanya hivyo. Kwenye WhatsApp, kumjibu mtu telezesha ujumbe wake kulia badala ya kuhangaika na vialama vya juu.

Kisha punguza uzito. Vua kava nene, weka jembamba lenye ukwaru unaoshika. Kamba ya mkononi inayofungwa kwenye tundu la kava ina gramu chache na inaokoa vioo vingi kuliko kava lolote la kijeshi. Pete ya nyuma inasaidia wengine, ila ikae karibu na katikati ya simu, maana ikiwa juu sana simu inaelemea chini.

Na usiiegemeze kwenye kidole cha mwisho siku nzima. Badilisha mkono. Ukiwa umekaa, ilaze juu ya mkoba mapajani uandike kwa vidole viwili. Maumivu yanayoanzia shina la kidole gumba kuelekea kifundo cha mkono, yasiyoisha baada ya wiki mbili za kupumzisha, yapeleke hospitali. Yakizoeleka huchelewa kupona.

Kama uliyonayo ni ndogo

Tatizo lako kubwa ni kuandika na kusoma. Kuandika, zungumza. Kuchapa kwa sauti kwa Google kunaelewa Kiswahili tangu mwaka 2017: ongeza Kiswahili kwenye lugha za Gboard, gusa kipaza sauti, sema taratibu, kisha pitia kabla ya kutuma, kwani majina ya watu na mitaa huyakosea. Kuandika kwa kuburuta kidole kutoka herufi hadi herufi bila kukiinua pia ni kwepesi kwenye kioo chembamba, kwa sababu kidole kinafika kila mahali.

Kusoma, kuza herufi hatua moja tu na ongeza uzito wake ziwe nene. Kuzikuza hatua tatu kutakufanya usukume kioo bila kikomo. PDF isome simu ikiwa imelala. Kazi za majedwali na barua ndefu ziache kwa kompyuta, unganisha WhatsApp yako nayo kwa kuchanganua kialama cha mraba, uandike kwa vidole kumi. Simu ndogo inakuwa raha kamili pale inapokuwa na mwenzake mkubwa mahali fulani, hata kama ni kompyuta ya ofisini.

Kwa chaji, punguza mwanga na zima programu zinazotafuta mahali ulipo bila sababu. Kama kioo ni cha OLED, ambacho kila nukta inajiwashia taa yake, mandhari nyeusi inaokoa umeme kweli. Kama ni LCD haibadilishi kitu, taa yake ya nyuma inawaka vile vile.

Mfuko na barabara

Kwa wanaume suruali nyingi humeza simu kubwa, ingawa ukikaa inachungulia nje, na kwenye kiti cha daladala inateleza bila wewe kusikia. Mfuko wa nyuma hapana. Mfuko wa shati ni hatari zaidi, kwa sababu unapoinama kwenye ndoo au kwenye choo simu nzito inatangulia.

Kwa wanawake shida ni kubwa, kwani nguo zao nyingi zimeshonwa bila mfuko wa maana. Fundi cherehani ndiye jibu. Mpelekee gauni au dera, mwombe mfuko wa ndani wa pembeni wenye upana wa sentimita 11 na kina cha 19, mdomo wake ukiwa umelalia mbele kidogo, na kitambaa kigumu kuliko cha gauni. Vipimo hivyo vinaipokea simu kubwa ikiwa na kava. Kwa ndogo, sentimita 9 kwa 16 zinatosha.

Kuhusu vibaka: simu kubwa inayong'aa dirishani mwa daladala inaonekana kutoka ng'ambo ya barabara, na anayepora akiwa juu ya pikipiki anahitaji sekunde moja. Ndogo inafunikwa na kiganja. Hiyo ndiyo faida yake ambayo haiandikwi kwenye boksi. Ukiwa na kubwa, kaa kiti cha ndani, na ujumbe unaoweza kusubiri usubiri kituo.

Suluhisho la simu mbili

Watu wetu waligundua kitambo kwamba si lazima mkono mmoja ubebe kila kitu. Wana kitochi, ambacho Kenya wanakiita kabambe, kwa kupiga na kutuma hela, na simu janja kubwa kwa mengine. Ni mpango mzuri kama utaupanga vizuri.

Laini ya pesa iweke kwenye kitochi. Menyu za M-Pesa, *150*00# Tanzania na *334# Kenya, hazihitaji intaneti wala kioo kikubwa, na vitufe vya kweli unavibonyeza hata gizani. Laini ya bando ikae kwenye simu kubwa. WhatsApp itaendelea kufanya kazi kwenye simu kubwa hata kama laini iliyoisajili sasa iko kwenye kitochi, ila kitochi kiwe karibu siku utakapotakiwa namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi. Namba hiyo usimpe mtu. Kitochi kinakaa na chaji siku kadhaa, kwa hiyo umeme ukikatika bado unapatikana.

Kasoro yake ni programu za benki, ambazo nyingi hutaka laini iliyosajiliwa iwe ndani ya simu janja yenyewe. Iulize benki yako kabla ya kuhamisha laini.

Mama sasa anatumia mpango huu. Simu kubwa inalala mezani juu ya kitambaa, herufi zimekuzwa, anapigiwa na wajukuu kwa video na kusikiliza mawaidha. Kitochi kinakaa kwenye pindo la khanga. Akitaka kutuma hela anapiga menyu kwenye kitochi, kiasi kinapotokea kwenye kioo anamwita mtoto wa jirani amsomee kwa sauti, na namba ya siri anaiweka mwenyewe, mgongo umegeukia ukuta.